Fokasi ya mkono au ya otomatiki kwa picha za mtaani?

Mchana, kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, mimi nafunga fokasi (umbali ambao lenzi inaonyesha kwa ukali) kwa mkono. Lenzi ya milimita 28 kwenye kamera ya kihisi kikubwa (full-frame), tundu la lenzi f/8 (namba ndogo ni tundu kubwa), fokasi mita 2.5, spidi ya sekunde 1/500, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ijipange yenyewe: kila kilicho kati ya mita 1.5 na 10 kinatoka kikali. Mwenye baiskeli akichomoza kwenye kona, unabonyeza tu. Kamera haipotezi muda kutafuta. Ukimsogelea mtu, msalimie kwanza na umwombe ruhusa.

Usiku pale Forodhani, bustani ya pwani yenye wauza vyakula, mambo hugeuka. Taa ni hafifu, moshi wa mishikaki umetanda, unafungua lenzi hadi f/2, na eneo linalotoka kali linabaki kama mita moja tu. Huwezi kukisia. Washa fokasi ya otomatiki inayotambua uso.