Couch to 5K kwenye joto la Tanga: uzoefu wangu

Kwa mtu aliyekaa miaka bila mazoezi, sijaona ratiba ya kukimbia inayomwanzisha vizuri kuliko Couch to 5K, yaani "kutoka kwenye kochi hadi kilomita 5". Aliitunga Mmarekani Josh Clark mwaka 1996: wiki 9, siku 3 kwa wiki, na katikati siku ya kupumzika. Ukiwa na simu ya kukuhesabia sekunde na kikaratasi mfukoni, hulipi hata shilingi. Nimeimaliza hapa Tanga, Barabara ya Hospitali kuelekea Raskazone, na ninaipendekeza kwa moyo wote, ila pwani inataka marekebisho.

Wiki ya kwanza unatembea haraka dakika 5, kisha unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, mara 8. Jumla umekimbia dakika 8 tu. Hapa wengi huona kama mchezo, wakaongeza. Tafadhali usiongeze. Moyo na pumzi huzoea ndani ya wiki chache; mifupa na kano huchukua miezi. Ndiyo maana wiki ya tatu pumzi inakuwa nzuri, halafu muundi wa mguu unaanza kuuma. Ubonyeze kwa kidole gumba kutoka chini kwenda juu. Maumivu yakitandaa eneo refu, pumzika mpaka yaishe, kisha anzia wiki moja nyuma. Yakijikusanya mahali pamoja, padogo kama sarafu, acha kabisa kukimbia ukapimwe, kwani huenda mfupa una ufa.

Kasi ipime kwa mdomo: ukishindwa kutamka sentensi nzima bila kuhema, umezidisha. Hewa yetu ina unyevu mwingi, jasho linachuruzika badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Kasi inayokufaa Lushoto, kwenye baridi ya milimani, itakumaliza Raskazone. Toka baada ya swala ya alfajiri. Jioni lami bado inatoa moto. Ramadhani kimbia usiku, futari ikishashuka tumboni, na urudie wiki uliyopo bila kupanda.

Kikwazo kikubwa ni wiki ya tano. Siku ya kwanza unakimbia dakika 5 mara tatu, ya pili dakika 8 mara mbili, halafu ya tatu ratiba inakutaka dakika 20 mfululizo. Kwa aliyekaa sana, ngazi hiyo ni ndefu mno. Dawa niliyoiona inafanya kazi ni kuchukua zoezi la wiki ya sita, yaani dakika 10, kutembea 3, kisha 10 tena, na kulifanya mara mbili kabla ya kujaribu zile 20. Wiki 9 zitakuwa 10 au 11, na hakuna ubaya wowote.

Raba za mtumba zinafaa, mradi uzikague. Kunja kiatu: kinatakiwa kukunjika penye vidole, si katikati. Bonyeza sponji ya pembeni mwa soli. Ikiwa ngumu kama ubao, imekufa, hata kama juu kinang'aa. Angalia gundi kuzunguka soli, kwa sababu kiatu kilichokaa sana huachia ghafla kikipata joto. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, maana mguu huvimba ukikimbia.

Jina lisikusumbue. Wiki ya tisa ni dakika 30 mfululizo, na kwa dakika 7 kila kilomita hiyo ni kama kilomita 4.3, si 5. Hesabu dakika, kilomita zitakuja baadaye.

Mwenye presha, sukari au tatizo la moyo amwone daktari kabla ya siku ya kwanza. Na yeyote anayebanwa kifua au kuona kizunguzungu njiani asimame hapo hapo, aende hospitali siku hiyo hiyo.