Gauni la kupigia magoti: nilivyotafuta shela Mwanza

Tangu harusi yangu ipite, Agosti mwaka jana, sijapata wiki bila dada fulani kuniuliza lile gauni nililitoa wapi na nililichaguaje. Naandika yote hapa. Majina ya maduka sitaji. La kwanza liliniumiza, na la pili sitaki mtu adhani nimelipwa kulisifia. Nitasema tu kwamba yote mawili yako mjini kati, na kutoka moja hadi jingine unatembea kwa miguu bila hata kutokwa jasho. Nikisema shela hapa namaanisha gauni lote, kama tunavyosema wenyewe, siyo veli peke yake.

Kwanza mwili, maana bila mwili maneno ya mshono hayana maana. Nina urefu wa sentimita 158. Kifua changu ni kidogo, kiuno kinaonekana, na nyonga ni sentimita 108. Nyonga hizi ni za bibi yangu wa Magu na ninazipenda. Nilipoanza kutafuta sikutaka kuzificha hata kidogo, ndiyo sababu picha zote nilizohifadhi kwenye simu zilikuwa za mkia wa samaki: gauni linalobana kutoka kifuani, linashuka na nyonga, linashuka na mapaja, halafu linafunguka chini.

Duka la kwanza walikuwa nalo. Nikalivaa, nikasimama mbele ya kioo, na kwa kweli nilipendeza. Binti wa dukani akapiga makofi. Kukodi ilikuwa 400,000, nikatanguliza 150,000 palepale na kupewa kirisiti cha mkono.

Wiki iliyofuata nilimpeleka shangazi. Alinizunguka kimya, kisha akasema, "Limekukaa, mwanangu. Sasa piga magoti nikuone."

Nilijua anachotaka. Kwenye harusi zetu bi harusi anapiga magoti kanisani, anapiga magoti akimlisha mumewe keki, anapiga magoti tena akiwapelekea wazazi na wakwe. Na mimi naolewa kwa Wasukuma wenzangu, mkwe humsalimii ukiwa umesimama. Nikashika bega la shangazi, nikaanza kushuka. Goti la kwanza halikufika chini. Gauni lilikuwa limenifunga mapaja yote mawili kama kitenge kilichofungwa kwa hasira. Nikajilazimisha kidogo, na hapo zipu ikaachia meno pale kwenye nyonga ya kushoto, urefu wa kiganja.

Binti yule yule aliyepiga makofi akaniambia nimenenepa ndani ya wiki moja. Nikaomba gauni jingine kwa ile hela yangu, wakasema ile ni ya kufidia zipu. Kirisiti hakikuwa na neno lolote kuhusu kurudisha au kutorudisha. Nilipanda daladala ya Igoma nikilia, na shangazi alinishika mkono safari nzima bila kusema nilikuambia. Kwa hiyo dada, kabla hujatoa shilingi, masharti yaandikwe kwenye kirisiti: lini unalichukua, lini unalirudisha, wakikosa gauni lako nini kinatokea.

Sisemi mkia wa samaki ni mbaya. Binamu yangu ni mrefu na mwembamba, alivaa na akacheza mpaka saa sita usiku. Jambo la kuangalia ni pale gauni linapoanza kufunguka. Likianza katikati ya paja, unatembea na kukaa. Likianza chini ya goti, unasukuma hatua fupi fupi siku nzima, na ngazi unapandishwa. Lile langu lilianza chini ya goti, na wala sikuwa na akili ya kuangalia kwa sababu nilikuwa nimesimama tu.

Duka la pili alinielekeza fundi mmoja wa Makoroboi niliyekwenda kumuulizia bei ya lesi. Unapanda ngazi nyembamba, juu kuna chumba kimoja kimejaa magauni ndani ya mifuko ya plastiki. Mama mwenye duka hakunionyesha gauni lolote kwanza. Aliniuliza maswali matatu: kanisa lenu linaruhusu mabega wazi, ukumbini mnaingia kwa kucheza au kwa kutembea, na picha mtapigia wapi. Nilipojibu la mwisho, kwamba tunataka mawe ya ziwani, akasema, "Basi bibi arusi, tutahitaji gauni linalojua upepo."

Halafu akamwita fundi wake, mama wa makamo mwenye pini zimechomekwa kwenye kola. Huyu ndiye aliyenifundisha kitu ambacho picha zangu zote hazikunifundisha. Alichukua kipande cha mpira, ule wa kuvalisha sketi za shule, akanifunga tumboni juu ya blauzi. "Jipinde kushoto. Sasa kulia. Tena." Kila nilipojipinda mpira ulihama kidogo, mpaka ukatulia mahali pamoja na kukataa kutoka. Akachomeka pini pale. "Hiki ndicho kiuno chako. Siyo pale unapofunga suruali." Kilikuwa juu kwa vidole vitatu kuliko nilivyodhani maisha yangu yote.

Kuanzia hapo kila gauni lilipimwa na ile pini. Nilijaribu matano kwa saa mbili na nusu.

La mwamvuli, lile kubwa lenye waya na tabaka za neti chini, lilinizamisha. Nyonga zilipotea ndani, urefu nao ukapotea, nikabaki kichwa na mabega juu ya kichuguu cheupe. Mwenye nyonga nyembamba litampa umbo asilokuwa nalo, na mrefu atalibeba vizuri. Ila ujue unahitaji siti yote ya nyuma ya gari, mpambe wako akae mbele.

La nyoofu, satini nyembamba inayoteleza kutoka begani hadi chini, nilivaa dakika mbili. Satini ya namna hiyo inaonyesha kila mshono wa chupi.

La kiuno cha juu, linalokatwa chini ya matiti na kuachwa limwagike, lilikuwa na raha kuliko yote. Mama mwenye duka alisema ndilo analowapa maharusi wajawazito na wale wasiotaka tumbo libanwe, na nilimuelewa. Kwangu lilifunika kitu kizuri nilicho nacho, kile kiuno tulichotoka kukitafuta kwa mpira.

Yakabaki mawili, yote ya umbo la herufi A. Jina hilo lilisambaa baada ya mbunifu Christian Dior kuupa mkusanyo wake wa mwaka 1955 jina hilo, kule Paris: juu pembamba, chini panapanuka taratibu bila waya. Kwenye picha ungeapa ni gauni moja. Kwenye mwili yalikuwa mbingu na ardhi.

La kwanza lilikuwa na mkanda wa mawe yanayong'aa umezunguka kiuno. Mkanda ule ulikaa vidole viwili chini ya pini, pale nyonga zinapoanza kutanuka, na mstari wake wa kulala ukanikata vipande viwili. Nilionekana mfupi na mpana kwa wakati mmoja. Fundi akajaribu kuupandisha kwa kuukunja begani, kifua kikavimba. "Kiwiliwili cha gauni ni kirefu kuliko chako," akasema. "Upindo naweza kukupunguzia. Kiuno sikihamishi."

La pili halikuwa na mkanda wala mshono wa kulala kiunoni. Lilikuwa na mishono mirefu sita inayoanzia kifuani na kushuka moja kwa moja hadi nyongani, inapita pale pale penye pini kwa kuingia ndani kidogo, kisha inaachia. Jicho linashuka na mishono, halipati mahali pa kusimama. Nilijiona nimerefuka. Nyonga zilikuwepo, zinajulikana zipo, lakini hazikuwa zimefungwa kamba. Kabla sijaambiwa nikapiga magoti palepale kwenye zulia, nikainuka, nikapiga tena. Shangazi akacheka kwa furaha mpaka akatoa leso.

Kifuani lilikatwa umbo la kopa. Kwa kifua kidogo kopa linaweza kubaki wazi kama bakuli tupu, kwa hiyo fundi aliongeza sponji nyembamba na kupandisha lesi kidogo juu yake. Ndani lilikuwa na mkanda mpana unaofungwa kiunoni kabla zipu haijapandishwa. Huu mkanda uulizie, dada yangu. Gauni la mabega wazi halishikwi na kifua, linashikwa na kiuno. Wanaoshinda wakijivuta juu usiku kucha ni kwa sababu kiuno hakijashika. Na kwa ajili ya kanisa tuliwekewa mikono ya lesi inayobanwa kwa vishikizo vidogo kwapani. Tulipofika ukumbini mpambe aliivua chini ya dakika moja.

Rangi ilileta maneno kidogo nyumbani. Gauni lilikuwa rangi ya krimu, na mama alitaka jeupe pe, akisema ndiyo mila. Nilimweleza taratibu kwamba desturi ya nyeupe ilienezwa sana na Malkia Victoria wa Uingereza aliyeolewa na nyeupe mwaka 1840, yule yule ambaye mvumbuzi Mwingereza Speke alilibandika jina lake ziwa letu mwaka 1858, wakati ziwa lilikuwa na majina yake. Mama akanyamaza, akalishika kitambaa, akalisogeza shavuni kwangu dirishani. "Kweli hili linakung'arisha uso," akasema. Kwenye ngozi yangu, nyeupe kali ya satini juani hugeuka karatasi, na krimu inabaki kitambaa.

Sasa upepo. Kila anayeishi hapa anajua kuanzia mchana unatoka ziwani na jioni ya Agosti haukawii. Tulifika kwenye mawe upande wa Capri Point saa kumi. Alikuwepo bi harusi mwingine mwenye sketi ya neti tupu, na wasichana watatu walikuwa kazini kuishusha. Yangu ilikuwa satini nzito yenye bitana, upepo uliipepesa mkia tu na kuuacha mwili mahali pake. Veli ndiyo tuliyokosea. Ilikuwa ndefu, imeshikwa na kichana kimoja, ikaruka mara mbili kabla mpiga picha hajasema tuitoe. Mkia wa gauni nao ulikuwa na kitufe na kitanzi vya kuuinua nyuma, niliviomba mwenyewe, vikaniokoa kwenye mawe na baadaye nikicheza.

Gharama: kukodi 450,000, marekebisho 40,000, na dhamana 100,000 ya kurudishiwa. Marekebisho yalikuwa ya kupiga bandi tu, yaani mishono ya muda inayofumuliwa baadaye, kwa sababu gauni la kukodi halikatwi. Nenda na viatu vyako vya siku yenyewe wakati wa kupima upindo. Mimi nilikuwa na kisigino cha sentimita 7, na fundi alikataa kabisa kugusa sindano nilipokwenda na malapa.

Yapo niliyowalalamikia, na niliwaambia. Chumba cha kubadilishia ni pazia na ukuta, na hakuna kioo cha nyuma. Nilitegemea macho ya shangazi na picha za simu. Waliahidi gauni litakuwa tayari Jumanne, nikalipata Alhamisi saa mbili usiku, siku mbili kabla ya harusi, wakati nimeshaanza kuumwa tumbo kwa wasiwasi. Na hili linaniuma zaidi: dada yangu mkubwa ana mwili mnene, alikuja kuangalia kwa ajili ya harusi yake, na katika chumba chote kile kulikuwa na magauni mawili tu yanayomwenea, yote ya mwamvuli. Mama mwenye duka alikiri na kusema ataongeza. Wanawake wa mwili huo ni wengi Mwanza na wanaolewa kila Jumamosi. Dada yangu anastahili naye kujaribu matano kwa saa mbili na nusu.

Siku yenyewe nilipiga magoti mara tisa. Mara ya mwisho ilikuwa kwa mama mkwe, na sahani ya keki mkononi, na niliinuka bila kushikwa na mtu.

Jumatatu nilirudisha gauni. Fundi alilitandaza mezani, akaukagua upindo wote kwa kidole, akakuta doa la kijani la majani ya ukingoni mwa ziwa, wakakata 20,000 ya dobi kwenye dhamana, kama ilivyoandikwa kwenye kirisiti. Nilipoondoka alikuwa ameshaanza kufumua bandi zangu, kuna binti mwingine amekaa kwenye kiti na ule mpira umefungwa tumboni. Dada yangu ana miadi pale mwezi ujao. Mama mwenye duka ametupigia simu kwamba mawili mapya yameingia.