Kruza ya mtumba hapa Tanga: uzoefu wangu wa kuifufua na gharama zake

Kama unaishi mji tambarare kama Tanga na umekutana na baiskeli ya kruza kuukuu kwenye mzigo wa mtumba, ushauri wangu ni uichukue, mradi fremu iwe nzima na habu ya nyuma, yaani kile kikombe cha katikati ya gurudumu, iwe inatengenezeka. Yangu ndiyo usafiri wangu wa kila siku, kutoka Chumbageni hadi soko la Mgandini, na jioni nikipata nafasi hadi Raskazone kupunga upepo. Ninaipenda mno. Lakini pesa yako ianzie kwenye vinavyozunguka na kinachosimamisha, rangi ije mwisho. Hapa mjini zipo baiskeli nyingi zinazong'aa kwa nje huku gololi zinasaga ndani, na mwenye nayo anaishia kuisukuma kwa miguu.

Kwa asiyeifahamu, kruza ni baiskeli ya Kimarekani yenye matairi manene, usukani mpana unaokurudia kifuani, siti kubwa ya springi, gia moja tu, na breki ya miguu, ile ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Kampuni ya Schwinn ya Chicago ndiyo iliyouingiza mtindo huo sokoni mwaka 1933, uchumi wa dunia ukiwa umeanguka, kwa tairi ya inchi 26 kwa 2.125. Tairi nene namna hiyo haihitaji upepo mwingi, kwa hiyo inameza mashimo na mawe badala ya kuyarusha mgongoni mwako.

Yangu haina jina. Mtu fulani huko ilikotoka aliipaka rangi ya nyumba kwa brashi, nembo zote zikazama humo. Haikunipa shida, maana kwenye ukarabati unafuata vipimo, siyo jina. Ni fremu ya kike, bomba la juu limeinama, na kwa anayevaa baibui au dera hilo ni jambo kubwa. Muuzaji alianza na 200,000, tukakubaliana 150,000.

Kabla ya kutoa pesa niligeuza baiskeli miguu juu na kugonga fremu kwa sarafu kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia wazi, kilicholiwa kinatoa sauti butu. Hapo kwenye kitovu cha pedeli ndipo pa kukaa sana, kwa sababu maji yote yanayoingia kupitia bomba la siti yanatuama pale, na kwa hewa yetu ya chumvi kutu inaanza kula ndani wakati nje bado panavutia. Kisha nikazungusha gurudumu la nyuma na kukanyaga kinyume. Ilishika, japo kwa kukwaruza. Kwangu hiyo ilitosha.

Fundi wangu ni mzee mmoja wa Ngamiani ambaye ametengeneza baiskeli tangu ujana wake. Nilifika nikiwa na picha za rangi kwenye simu, kijani cha mwani na malai. Akaziangalia kwa heshima zote, akanirudishia simu. "Habu kwanza, mwanangu. Rangi tutaongea." Akaketi kwenye kigoda, akaanza kufungua.

Naomba nikae kidogo kwenye habu, kwa kuwa ndiyo roho ya kruza na watu wengi wanaiogopa. Ndani yake mna kipande chenye nyuzi kama za skrubu. Ukikanyaga mbele, nyuzi zile zinavuta koni upande wa kulia hadi ing'ate ganda la habu, gurudumu likaenda. Ukikanyaga nyuma, koni inasukumwa kushoto, inatanua shuu za breki, nazo zinakandamiza ganda kwa ndani. Ni chuma juu ya chuma, kwa hiyo lazima viogelee kwenye grisi. Habu yangu ilikuwa imekauka kabisa, grisi ya zamani imegeuka kama gundi kavu ya kahawia, ndiyo sababu breki ilikuwa inakwaruza na kukamata ghafla. Mzee aliosha kila kipande kwa mafuta ya taa, akavipanga juu ya gazeti kwa mfuatano uleule aliovitoa, akapitisha kidole kwenye shuu kutafuta mahali palipolika. Zilikuwa bado nzuri. Gololi alizibadilisha zote, hata zilizoonekana nzima, kwa sababu gololi mpya ikichanganywa na ya zamani inabeba mzigo peke yake. Halafu akajaza grisi ya beringi za magari, inayovumilia joto, siyo ile nyepesi ya kopo la bei rahisi.

Kuhusu joto, kuna historia ninayoipenda. Miaka ya 1970 kule Kaunti ya Marin, California, vijana walichukua kruza kuukuu za miaka ya 1930 na 1940 wakawa wanashuka nazo mlimani kwenye njia za vumbi. Breki ya miguu ilichemka hadi grisi ikatoka moshi, na kila wakishuka ikabidi habu ifunguliwe na kujazwa upya. Mashindano yao yaliyoanza mwaka 1976 yakapewa jina la Repack, Kiingereza cha kujaza upya, kutokana na kazi hiyo. Baiskeli za milimani tunazoziona leo zimezaliwa kwenye michezo ile. Ndiyo maana nasema wazi kwamba kama unaishi Lushoto au mahali popote penye mteremko mrefu, usiitegemee breki ya miguu peke yake. Hapa Tanga haina wakati wa kupata moto.

Historia hiyo ina faida nyingine kwa mfuko wako. Kwa kuwa baiskeli za milimani zilirithi rimu ya kruza, tairi zao za inchi 26 zinaingia bila ubishi, nazo zimejaa kila duka. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi: unatafuta 559, ambayo ni kipenyo cha rimu kwa milimita. Baiskeli za akina mama kutoka Japani zenye 26 kwa 1⅜ ni 590, hazikubali, ingawa zote zinaitwa ishirini na sita. Phoenix ya 28 ni 635. Na ukiona kruza ya zamani imeandikwa 1¾ kwa sehemu, badala ya 1.75 kwa desimali, hiyo ni 571 na tairi yake ni ya kutafuta kwa tochi. Hesabu inaonekana moja, mpira haukai. Nenda na tairi lako la zamani mkononi, muuzaji asikukadirie kwa macho.

Pedeli nazo zina mtego wake. Kruza nyingi, pamoja na yangu, zina kranki ya kipande kimoja, chuma kimoja kilichokunjwa kinachopita kwenye kitovu kutoka upande huu hadi ule. Pedeli zake ni za uzi wa skrubu wa nusu inchi, na zile za kawaida madukani ni za inchi 9/16. Nilizipata kwenye baiskeli ya mtoto iliyokufa, maana za watoto zenye kranki ya namna hiyo hutumia uzi huohuo. Ukifungua kranki hiyo, kumbuka nati ya kushoto inafunguliwa kwa kuzungusha kulia, na pedeli ya kushoto vilevile. Mwenye nguvu na haraka anakata uzi hapo.

Nikamwomba mzee aniongezee breki ya mbele. Sababu ni kwamba breki ya miguu inapitia kwenye cheni, na cheni ikichomoka njiani breki nayo imeondoka. Pale Ngamiani kwenye makutano, katikati ya bodaboda na bajaji, sikutaka kubahatisha. Tulinunua gurudumu la mbele la mtumba kutoka baiskeli ya milimani, rimu ya alumini, kwa sababu rimu ya chuma yenye kromu ikilowa raba za breki zinateleza tu. Vishikio vya breki vilichomelewa kwenye foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, kwa gesi na brasi. Fundi mwingine alitaka kuchomelea kwa umeme akamaliza dakika chache. Mzee alikataa, akisema bomba la foku ni jembamba na umeme unalitoboa au kulidhoofisha pembeni ya weldi. Nilifurahi kuona mtu anakataa njia ya mkato kwenye kitu kitakachobeba meno yangu.

Badiliko jingine la maana ni sproketi ya nyuma, lile duara la meno linalovutwa na cheni. Ilikuja na meno 18 na mbele 44, yaani kila mzunguko wa pedeli unaipeleka baiskeli kama mita 5. Upepo wa kusi ukikukabili barabara ya Raskazone, mita 5 hizo unazilipia kwa magoti. Tukaweka ya meno 22, cheni ikaongezwa pingili, sasa ni kama mita 4 kwa mzunguko. Mwendo umepungua kidogo, raha imeongezeka sana. Na usisahau kufunga vizuri klipu ya mkono wa breki kwenye bomba la kushoto la fremu. Ikiachia, mkono ule unazunguka pamoja na habu na breki haipo tena.

Kutu na rangi nitavipitia haraka. Msasa namba 80 kuondoa rangi ya nyumba, kisha 120 na 240. Vitu vidogo vililala kwenye siki usiku kucha, vikasuuzwa na kukaushwa papo hapo. Kromu ya usukani niliisugua mwenyewe kwa karatasi ya foili na maji, na ilirudi mpaka nikajiona uso, isipokuwa madoa machache ambayo kutu ilishatoboa. Ndani ya fremu tulimwaga oili ya injini, tukaizungusha kila upande, ikaachwa ichuruzike. Mzee akatoboa tundu dogo chini ya kitovu ili maji yapate pa kutokea. Kwa mtu wa pwani tundu hilo lina thamani kuliko koti la tatu la rangi. Juu yake praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi ya magari, kijani cha mwani na mistari ya malai kwenye madigadi. Mpuliziaji alitaka kuruka praima ili kazi iishe siku hiyohiyo. Nilisimama pale mpaka akaipuliza, na nikasubiri ikauke.

Siti ilishonwa upya na fundi viatu kwa ngozi nene ya kahawia, springi zilezile za zamani chini yake. Kapu la mbele ni la ukindu, lina ubao mwembamba chini ili nazi zisilitoboe. Mvua ikinyesha nalivua, maana ukindu ukilowa mara kwa mara unaoza.

Ninachojivunia zaidi ni wavu wa baibui. Baiskeli za Kiholanzi na za Kijapani zina kinga ya nguo gurudumu la nyuma, kruza haina. Tukatoboa matundu madogo kwenye ukingo wa madigadi ya nyuma, pande zote mbili, umbali wa kidole kutoka tundu hadi tundu, tukayalainisha kwa tupa yasikate uzi. Kisha nikachukua uzi wa nailoni wanaotumia wavuvi kushonea nyavu, nikaupitisha tundu la kwanza, nikaushusha hadi kwenye washa yenye vitundu iliyofungwa kwenye ekseli, nikaupandisha tundu la pili, hivyo hivyo hadi ukatandazika kama kipepeo upande huu na ule. Uzi ni mweupe, unapendeza juu ya kijani. Baibui haijaguswa na spoku wala cheni tangu siku hiyo, na wanawake wenzangu wananisimamisha kuuliza nimeununua wapi. Nawaelekeza kwa wauza nyavu.

Gharama, kwa walioniuliza: baiskeli 150,000; tairi na tyubu zake 50,000; gololi, cheni, pedeli na sproketi 45,000; gurudumu la mbele na breki vya mtumba 40,000; ufundi pamoja na kuchomelea 60,000; rangi na kupuliza 55,000; siti 20,000. Jumla 420,000. Kapu na uzi sikuvihesabu, vilikuwa vya pesa ndogo.

Kwa pesa hiyo unaweza kupata baiskeli nyingine iliyo tayari, na kama unahitaji kubeba gunia la mkaa au madumu ya maji, Phoenix na keria yake pana itakufaa zaidi. Kruza ni nzito, na usukani wake mpana unasumbua kwenye vichochoro na mlangoni. Kuibeba ngazini ni kazi ya watu wawili. Wala haipendi haraka. Lakini unakaa umenyooka, unaona barabara yote na watu wanakuona, mikono haifi ganzi, mgongo hauumi. Mama yangu mdogo, ambaye alikuwa hajapanda baiskeli tangu alipoolewa, aliipanda kwenye uwanja wa shule bila kushikiliwa na akakataa kushuka.

Matunzo yake ni mepesi. Naifuta kwa kitambaa chenye oili kidogo kila nikitoka ufukweni, nakagua cheni ichezee kama sentimita moja tu, na habu mzee ameniambia nimpelekee kila mwaka kabla ya masika. Bado natafuta kengele ya zamani ya shaba yenye mlio wa mara mbili. Mwenye nayo hapa Tanga, Pangani au Muheza aniambie bei yake.