Chumba namba 41, British Museum: nendeni mkaone Waingereza walikotokea

Nyota 5. Nilimpeleka mtoto wa kaka yangu, kazaliwa London na ana miaka 11, njiani kwenye treni akaniuliza shangazi hivi Waingereza wametoka wapi, mi nikamjibu si ni wa hapahapa. Basi tumeingia (kiingilio bure), tumepanda juu mpaka namba 41, jibu langu likaishia mlangoni.

Hapo ndo kuna vitu vya Sutton Hoo. Ni kaburi huko Suffolk, mashariki mwa England, la mwanzoni mwa karne ya 7, wengi wanaamini ni la mfalme, kazikwa na meli nzima ya mita 27! Basil Brown aliifukua 1939 kwenye shamba la mama mmoja Edith Pretty, na mama huyo hazina yote akaitoa zawadi. Mbao zilishaoza, zimebaki alama kwenye mchanga na misumari yenye kutu imejipanga mistari. Kofia ya vita ilikutwa vipande mamia wakaiunga, isogelee uiangalie usoni utaona ndege, nyusi ndo mabawa, pua kiwiliwili, masharubu mkia. Mtoto aligoma kuondoka.

Sasa hiyo kofia inafanana na za Sweden, sarafu za dhahabu ni za Wafaranki (watu wa pande za Ufaransa ya leo), sahani kubwa ya fedha ina mhuri wa kaisari Anastasius wa Constantinople (Istanbul ya leo), na hao Waingereza wenyewe wazee wao walivuka bahari toka pande za Ujerumani na Denmark, Waangle, Wasaksoni, Wajuti, kila kundi na mfalme wake. Halafu mwaka 731 mtawa Bede anamaliza kitabu chake na humo anawaita wote watu wamoja, Waangle (ndo jina lililozaa England), wakati mfalme mmoja wa wote, Athelstan, wamempata 927. Yani jina limetangulia nchi karibu miaka 200! Hapo nilisimama muda mrefu kweli. Na sisi kwa Kiswahili hata Mskoti tunamwita Mwingereza, wakati Waskoti walikuwa na ufalme wao na wana historia yao.

Mwongozaji wa kulipia msihangaike naye, wetu alitupa dakika tatu akakimbilia maiti za Misri, ikabidi turudi wenyewe. Shukeni kituo cha treni cha Holborn, nendeni asubuhi siku ya kazi, na watoto wabebe daftari la kuchorea.