Kiraka chini ya kiboko

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Nimempa muuzaji mmoja wa sarafu nyota moja kwa sababu sifuri haikubali.

Mimi nakusanya sarafu za makaisari wa Rumi. Dhahabu sina uwezo nayo. Nanunua fedha za karne ya tatu, zile ambazo mtu wa mshahara wa kawaida hapa Uingereza anaweza kuzifikia akijibana mwezi mmoja au miwili. Na katika zote, inayonikaa moyoni ni moja tu: ya Otacilia Severa, mke wa Kaisari Philip, yule aliyeitwa Mwarabu kwa kuwa kwao ni kule ambako leo ni Syria. Mwaka 248 Philip aliusherehekea mji wa Rumi kutimiza miaka 1,000. Ikawa michezo na maonyesho ya wanyama, na sarafu za sherehe zikatoka na picha za wanyama nyuma: simba, swala, mbwa mwitu jike akiwanyonyesha Romulus na Remus, wale mapacha wa hadithi ya kuanzishwa kwa Rumi. Ya Otacilia ina kiboko. Kiboko kabisa, mgongo mnene na miguu mifupi, amesimama kama ametoka majini sasa hivi. Maandishi ya kale yanataja viboko sita waliokuwa Rumi wakati ule, pamoja na twiga kumi. Hebu fikiria kazi ya kumsafirisha kiboko mmoja tu kwa jahazi.

Nimekulia kwenye nyumba ambayo baba aliweka kopo la maziwa lililojaa sarafu zetu za zamani za Tanzania: senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura. Kuhesabu nimejifunzia humo. Kwa hiyo siku nilipomwona kiboko kwenye fedha ya Rumi sikuuliza bei mara mbili. Jioni ile nikampigia baba kwa video, nikaisogeza sarafu kwenye kamera. Baba ni Mrufiji. Akaitazama kimya, halafu akasema, “Mwanangu, huyu namjua. Huyu wa kwetu.”

Sarafu yenyewe ilikuwa imechoka. Uso wa Otacilia ulishalainika, jicho limebaki alama tu, na kiboko masikio hana. Lakini chini ya miguu yake kulikuwa na alama ya IIII, yaani karakana ya nne ya kiwanda cha sarafu cha Rumi, na vijiti vyote vinne vilisimama wima kama vimegongwa jana. Nilizoea kuvipitishia ukucha nikiwa nawaza mambo yangu.

Sasa, sisi wakusanyaji tuna tabia ya kupandisha daraja. Unanunua iliyochakaa unayoimudu, baadaye unaitoa na kuongeza pesa, unachukua iliyo bora. Ndivyo mkusanyo unavyokua na silaumu tabia hiyo. Kipindi fulani cha baridi nikaona kwa muuzaji huyu, ana duka la mtandaoni na huweka meza kwenye maonyesho ya sarafu, kiboko mwingine wa Otacilia. Nywele zote zinaonekana, hilali chini ya mabega imekamilika, kiboko ana masikio mawili na jicho. Pauni 230. Akakubali kuchukua yangu kwa pauni 50, mimi niongeze 180. Nikatuma ya kwangu kwanza, kama alivyotaka.

Hapo ndipo nilipokosea. Anayesoma hii na ana sarafu anayoipenda, asiiachie kabla mpya haijafika mkononi na haijalala usiku mmoja mezani kwake.

Ikafika. Mizani ikasoma gramu 4 na ushee, sawa. Ukingo una nyufa ndogondogo za kugongwa, sawa, kwa hiyo si ya kumimina kwenye kalibu. Nikafurahi. Nikaipeleka dirishani na lenzi ili nimtazame kiboko vizuri, na jicho likaenda lenyewe kwenye IIII, kwa mazoea.

Vijiti viwili vya pembeni vilikuwa vyembamba na vikavu. Viwili vya katikati vilikuwa vinene, vya mviringo, kama vimechorwa na mtu anayeandika kwa kisu. Nikaiinamisha kwenye mwanga. Kuzunguka vile viwili kulikuwa na duara dogo kama punje ya mtama, jeupe kuliko fedha iliyobaki. Nikaigeuza. Kwenye sarafu hii kiboko yuko kichwa chini ukilinganisha na Otacilia, kwa hiyo chini ya kiboko ndiyo juu ya kichwa cha mama huyu. Na juu ya kichwa chake, palepale, duara lilelile. Herufi E ya SEVERA imekaa katikati ya duara, na haifanani na herufi nyingine yoyote kwenye mstari.

Sarafu ilitobolewa. Mtu fulani, zamani au juzi, aliivaa shingoni. Halafu mtu mwingine akaziba tundu kwa fedha, akachora upya herufi na vijiti, akasugua, na picha ikapigwa kwa mwanga wa mbele ambao hauonyeshi kitu. Kwenye maelezo ya bidhaa hakuna neno tundu wala neno kuzibwa.

Nieleweke vizuri. Sarafu iliyozibwa sio haramu. Zipo nyingi, zinauzwa, na ukiambiwa unalipa sehemu tu ya bei na roho yako imetulia. Hata aina hii ya sarafu ilianza kwa kudai thamani kuliko iliyomo: Kaisari Caracalla alipoitoa mwaka 215, wataalamu wengi wanaona aliihesabu kama dinari mbili, na fedha iliyomo inatosha kama dinari moja na nusu. Serikali ikala tofauti. Angalau askari wa Rumi alikuwa na mizani akitaka kujua. Mimi nilikuwa na picha tu.

Nikampigia simu muuzaji. Nilikuwa na adabu, nimelelewa hivyo, nilianza kwa kumsalimia na kumuuliza hali. Nikamweleza kiraka. Akavuta pumzi, akasema, “Kwa bei ile ulitegemea nini?” Nikamwambia nilitegemea kile kilichoandikwa. Akasema sarafu ya umri ule lazima iwe imepitia mengi, na kwamba watu wanaoanza huwa wanatazama kwa lenzi vitu visivyo na maana. Watu wanaoanza! Nimenunua kwake mara tano. Ana orodha ya majina, anaweza kutazama.

Kilichoniuma zaidi ni sauti, ile ya mtu anayemweleza mtoto kwa nini maji ni maji. Hajaniuliza hata mara moja kama ninayo picha ya kiraka. Ninazo kumi na moja.

Sasa niwe mkweli, maana sipendi kumdhulumu mtu hata nikiwa na hasira. Pesa alirudisha. Aliandika barua pepe fupi isiyo na samahani, lakini siku ya tatu pauni 180 zilikuwa kwenye akaunti, na 50 juu yake za ile ya zamani. Upakiaji wao ni mzuri kuliko wote ninaowajua: kijisanduku, sponji, bahasha ngumu. Na zile mara nne za mwanzo sikuwa na la kulalamikia, nina sarafu ya Kaisari Gordian wa Tatu kutoka kwao ambayo ukiiona utaniambia nilimwonea muuzaji. Nilipofika hapa nilitaka kuongeza nyota ya pili.

Siiongezi. Mimi sikuomba pauni 50, niliomba sarafu yangu. Nilimwandikia waziwazi: nirudishie kiboko wangu, sina haja na hizo hamsini. Akajibu kwamba ilishaingia kwenye hesabu ya duka. Wiki chache baadaye nikaiona kwenye ukurasa wao. Niliitambua kabla picha haijafunguka yote, uso umelainika, hana masikio, vijiti vinne wima. Bei pauni 110. Na maelezo: “uchakavu wa kupendeza, kutoka mkusanyo wa mtu binafsi.” Mtu binafsi ni mimi! Kwangu ilikuwa ya hamsini kwa sababu imechakaa, kwake uchakavu umekuwa wa kupendeza.

Nikamwandikia tena, kwa upole tena. Akajibu maneno manne: bei ndiyo hiyo hiyo.

Nimeinunua. Najua mtakavyosema, kwamba nimempa pesa mtu niliyemlaumu aya zote hizi. Semeni. Imefika juzi ndani ya kijisanduku na sponji kama kawaida yao, na nilipoitoa nilipitisha ukucha, moja, mbili, tatu, nne, vyote vipo. Ile yenye kiraka ilikuwa nzuri zaidi kwa kila kipimo, na siitaki hata nikipewa bure.

Jioni nikampigia baba, nikaisogeza kwenye kamera. Akavaa miwani. “Ehe,” akasema, “alikuwa wapi siku zote hizi?”

Nyota inabaki moja. Na zile pauni 60 za juu bado nazihesabu kuwa zangu.