Kabla hujalipia jeki, iache na mzigo robo saa

Mwaka jana nilinunua jeki ya chupa, ile ya mafuta inayosimama wima kama chupa, ya tani 5 kwa Sh 35,000 hapa Mwanza mjini. Wiki ya tatu, kijana wetu wa gereji Nyakato ametoa tairi la nyuma la Hiace, jeki ikaanza kushuka taratibu, bila kelele. Drami ya breki ikamkuta vidole viwili viko chini. Amepona, ila kimoja hakikunji tena.

Wanunuzi wote huuliza tani. Mimi siku hizi nauliza sili. Jeki ya mafuta inashikilia gari kwa sili hizo, yaani mipira midogo inayozuia mafuta, na gololi ya valvu, basi. Uchafu ukikaa chini ya gololi, au fundi akijazia mafuta ya breki badala ya haidroliki, mpira unavimba, unalainika, na jeki inashuka hata kama imeandikwa tani 20. Kwa hiyo iwekewe mzigo palepale dukani, piga alama ya chaki kwenye pistoni, subiri robo saa. Pitisha kidole shingoni mwa pistoni. Kikitoka na mafuta, iache. Muuzaji asiyetaka ujaribu, ameshakujibu.

Namba moja kwangu ni Masada ya chupa, ya Kijapani, hata iliyotumika. Naipendelea na sifichi: yangu ina mwaka wa nne, alama ya chaki haijawahi kusogea. Ya pili ni jeki ya magurudumu, ila inataka sakafu ya zege; kwenye udongo magurudumu yanazama na gari linavutwa upande. Ya mkasi iliyokuja na gari ni ya pancha njiani tu. Zile za bei chee zisizo na jina, hapana.

Na usinunue jeki bila stendi mbili, vile vyuma vya kuegemezea gari likishainuliwa. Mji wetu una mawe kila kona, mafundi wanayaegemezea magari. Jiwe huteleza, hupasuka. Chukua stendi ya pini. Za meno zinaweza kuachia: mwaka 2020 Harbor Freight, maduka ya zana ya Marekani, ililazimika kuziondoa za kwake sokoni kwa kasoro hiyo.

Kinachoniuma ni stika. Jeki ileile, umbo lilelile, duka hili tani 5, la jirani tani 8, na bei imepanda kwa karatasi tu. Niliporudisha ile ya tani 5 iliyoshuka, niliambiwa kilichouzwa hakirudi. Kijana alisimama pembeni yangu na bandeji mkononi. Muuzaji akanitolea nyingine ya aina ileile, akapunguza elfu tano.