FixMyStreet: kuripoti mashimo ya barabarani Uingereza

Uzuri wa huduma hii ya mtandaoni ya mySociety, shirika la hisani la Uingereza, iliyoanza 2007, ni kwamba huhitaji kujua barabara iko chini ya halmashauri ipi. Unaandika postikodi, unagusa ramani penye shimo, unachagua aina ya tatizo na kuweka picha. Taarifa inafika panapohusika.

Kazi iko kwenye maelezo. “Shimo kubwa” halimsaidii mkaguzi. Halmashauri nyingi hutumia kina cha milimita 40 hivi kama kipimo cha kulishughulikia, kwa hiyo taja kina, upana, upande wa barabara na nguzo ya taa iliyo karibu. Piga picha mbili: moja ya karibu, nyingine ionyeshe mtaa. Tafadhali usiingie barabarani kupima! Alama ya ramani ikikaa pembeni, mafundi wataziba shimo jingine.

Kasoro yake ni kwamba haina nguvu ya kuilazimisha halmashauri. Shimo la hatari, piga simu moja kwa moja. Hata hivyo tunza taarifa yako: tairi likipasuka kwenye shimo hilo na ukadai fidia, halmashauri ya England iliyokwisha kuarifiwa hupata shida kujitetea kwa kifungu cha 58 cha sheria ya barabara ya 1980, yaani kudai kwamba ilichukua tahadhari ya kutosha.